Johann Heinrich Lambert: Mwana wa mshona nguo aliyeupigia hesabu mwanga wa taa

Programu zinazokuonyesha jinsi taa ya dukani itakavyoonekana sebuleni kwako kabla hujainunua zinategemea hesabu zilizochapishwa mwaka 1760. Aliyeziandika aliacha shule akiwa na umri wa miaka 12, na kitabu chake kilikosa wanunuzi.

Taa inayoelea

Tovuti nyingi za maduka ya samani na vifaa vya umeme siku hizi humwomba mteja apige picha ya chumba chake kwa simu. Mteja anachagua taa ya kuning'inia, anaiburuta kwa kidole mpaka chini ya dari, na papo hapo chumba kinaonekana kana kwamba fundi umeme ameshamaliza kazi na kuondoka. Wasanifu wa majengo nao huwaonyesha wateja wao vyumba kwa njia hiyo, kabla hata waya haujapitishwa ukutani.

Kubandika picha ya taa juu ya picha ya chumba si kazi ngumu. Mwenye mkasi na gundi anaiweza. Tatizo ni kwamba taa iliyobandikwa hivyo haimdanganyi mtu. Inaonekana kama inaelea. Inawaka, lakini ukuta ulio nyuma yake hauna habari. Kochi halitupi kivuli, dari haijapata weupe wowote, na sakafu imebaki na giza lile lile la jioni. Jicho hulitambua kosa hilo mara moja, hata kama mwenye jicho hawezi kueleza kosa lenyewe ni lipi.

Ili jicho likubali, ni lazima programu ijibu maswali mawili. La kwanza: picha hii ilipigwa kutoka mahali gani? Bila kujua kamera ilisimama wapi na kuelekea upande gani, taa itakuwa kubwa mno au ndogo mno, au itaning'inia kwa mshazari. La pili: mwanga ukitoka pale taa ilipo, kila sehemu ya chumba itapata kiasi gani, na itaurudishia jicho kiasi gani?

Maswali hayo yote mawili yalipata majibu ya kihesabu kutoka kwa mtu mmoja, katika vitabu viwili vilivyotoka mwaka 1759 na 1760. Wakati huo hapakuwa na kamera ya kupiga picha wala taa ya umeme. Watu walimulika nyumba zao kwa mishumaa na taa za mafuta. Mtu huyo ni Johann Heinrich Lambert.

Mwandiko uliomtoa kwenye sindano

Lambert alizaliwa Agosti 1728 katika mji wa Mulhouse. Leo mji huo uko mashariki mwa Ufaransa, karibu na mipaka ya Ujerumani na Uswisi, lakini wakati huo ulikuwa mji huru uliofungamana na Shirikisho la Uswisi. Ukoo wake ulikimbilia huko katika karne ya 17 ukitokea Lorraine, kwa sababu ya imani yake ya Kikalvini. Babu yake alikuwa mshona nguo, baba yake alikuwa mshona nguo, na dalili zote zilionyesha kwamba naye angeshika sindano maisha yake yote.

Familia ilikuwa na watoto 7 na kipato kidogo. Alipofikisha miaka 12 alitolewa shuleni ili amsaidie baba yake kazini. Alikuwa ameshajifunza kusoma na kuandika, pamoja na Kifaransa na Kilatini kidogo. Huo ndio ukawa mwisho wa masomo yake ya darasani. Mengine yote aliyojua baadaye, hesabu, fizikia, astronomia na falsafa, aliyasoma mwenyewe katika vitabu alivyoweza kuvipata.

Kilichomwondoa kwenye ushonaji ni mwandiko wake. Aliandika kwa hati nzuri, na katika dunia isiyo na mashine za chapa hilo lilikuwa ujuzi wa kuajiriwa. Akiwa na miaka 15 alipata ukarani katika kiwanda cha chuma cha Seppois. Miaka miwili baadaye alihamia Basel kuwa katibu wa Johann Rudolf Iselin, mhariri wa gazeti mjini humo. Muda wa ziada aliutumia kusoma.

Mwaka 1748 Iselin alimpendekeza kwa kabaila Peter von Salis wa Chur, mji ulio mashariki mwa Uswisi ya leo. Von Salis aliwahi kuwa balozi nchini Uingereza, na alitaka mwalimu wa kuwafundisha watoto wa ukoo wake nyumbani. Lambert, kijana wa miaka 20 asiye na cheti chochote, akapata kazi hiyo na kukaa na familia hiyo kwa takriban miaka 10.

Nyumba hiyo ilikuwa na maktaba nzuri, nayo ndiyo ikawa chuo kikuu chake. Alisoma usiku baada ya vipindi vya watoto. Alitengeneza vyombo vya kupimia kwa mikono yake mwenyewe, akaanza kurekodi hali ya hewa, na kuanzia mwaka 1752 aliweka daftari la kila mwezi la mambo aliyokuwa akiyachunguza. Hakuliacha daftari hilo mpaka mwaka aliofariki.

Mwaka 1756 alianza safari ndefu ya Ulaya akiwa na wanafunzi wake. Walipitia Göttingen, Utrecht, Paris, Marseille na Turin, na kila alipofika aliwatafuta wataalamu wa hesabu na fizikia. Safari ilipoisha, kazi ya ualimu nayo ikaisha mwaka 1759. Lambert alikuwa na miaka 30, hana ajira ya kudumu, na mkobani ana miswada kadhaa.

Picha ilichorwa kutoka wapi?

Mswada wa kwanza kati ya ile miwili inayotuhusu ulichapishwa Zürich mwaka huo wa 1759. Ulihusu namna ya kuchora vitu vionekane kama jicho linavyoviona: vya mbali vidogo, vya karibu vikubwa. Wachoraji wa Ulaya walikuwa na mbinu hizo tangu karne ya 15, lakini kwa kawaida iliwabidi kwanza wachore ramani ya sakafu ya chumba, kisha waihamishe nukta baada ya nukta kwenye picha. Lambert alionyesha jinsi ya kuchora moja kwa moja bila ramani hiyo. Ndiyo maana katika jina la kitabu aliiita mbinu yake huru.

Katika kitabu hicho aliligeuza pia swali. Badala ya kuuliza chumba hiki kitachorwaje, aliuliza: kama tuna picha tu, tunaweza kujua jicho la mchoraji lilikuwa wapi?

Jibu lake ni ndiyo, mradi tujue jambo fulani kuhusu vitu vilivyochorwa. Chukua mfano wa sakafu ya mbao. Chumbani, mistari kati ya mbao hizo haikutani kamwe. Kwenye picha inasogeleana, na ukiirefusha kwa rula itakutana katika nukta moja. Kingo za meza au za dari zinazoelekea upande mwingine zitakutana katika nukta nyingine. Tukijua kwamba pembe za chumba ni za mraba, nukta hizo zinatosha kutuambia jicho lilisimama wapi na umbali gani kutoka kwenye picha.

Picha ya kamera ya zamani zaidi iliyobaki hadi leo ilipigwa na Mfaransa Nicéphore Niépce karibu mwaka 1827, nusu karne baada ya Lambert kufariki. Lakini kamera hufuata kanuni zile zile za jicho la mchoraji. Programu inayopokea picha ya sebule huanza kazi yake kwa kutafuta mistari ya dari, milango na vigae, kisha inaihesabu kurudi nyuma mpaka ipate mahali pa kamera. Wataalamu wa upimaji ardhi kwa picha nao humtaja Lambert miongoni mwa waliowatangulia.

Mishumaa, vioo na karatasi

Mwaka uliofuata, 1760, mjini Augsburg kilitoka kitabu kikubwa zaidi, kilichoandikwa kwa Kilatini na kuitwa Photometria. Jina hilo lina maana ya upimaji wa mwanga.

Tatizo alilojitwika lilikuwa gumu kuliko linavyosikika. Urefu hupimwa kwa fimbo na uzito kwa mizani. Mwanga ungepimwa kwa nini? Hapakuwa na chombo chochote kilichoweza kuugusa. Kulikuwa na jicho tu, na jicho ni shahidi asiyeaminika. Hujizoesha. Ukitoka juani na kuingia ndani, chumba huonekana cheusi. Ukikaa dakika chache, unaanza kusoma gazeti. Hakuna mtu anayeweza kutazama kuta mbili na kusema kwa uhakika kwamba hii ina mwanga mara tatu ya ile.

Mfaransa Pierre Bouguer, ambaye kitabu chake cha kwanza juu ya jambo hilo kilitoka mwaka 1729, alikuwa ameshaona njia ya kutokea. Jicho haliwezi kusema ni mara ngapi, lakini likiwekewa nyuso mbili kando kando, linaweza kusema kama ziko sawa. Lambert aliichukua njia hiyo na kuijengea elimu nzima.

Vyombo vyake vilikuwa vya bei rahisi: vioo vichache, lenzi, vipande vya glasi, prizimu, karatasi, rangi na mishumaa mingi. Mpango wake ulikuwa wa aina hii: karatasi mbili nyeupe zinamulikwa, kila moja na mshumaa wake, huku kizuizi kikizuia mwanga wa upande mmoja usivuke kwenda upande wa pili. Mmoja wa mishumaa unasogezwa mbele au nyuma mpaka jicho lione karatasi hizo zimefanana. Hapo unapima umbali kwa fimbo. Jicho limetoa hukumu ya usawa tu. Namba zimetoka kwenye fimbo.

Kanuni zinazoendesha chumba

Kutokana na majaribio hayo na hesabu zake, Lambert aliweka msingi wa mambo yanayohitajika ili kujua taa itafanya nini chumbani.

La kwanza ni umbali. Mwanga wa taa ndogo hupungua kwa kadiri ya kipeo cha pili cha umbali. Ukuta ulio mita 2 kutoka kwenye taa haupati nusu ya mwanga wa ukuta ulio mita 1, bali robo. Ulio mita 3 unapata sehemu moja ya tisa. Jambo hili lilijulikana kabla yake, lakini yeye alilithibitisha na kulipa nafasi yake katika hesabu.

La pili ndilo lenye jina lake hadi leo. Uso unaomulikwa ukiwa umeielekea taa moja kwa moja hupata mwanga wote unaoufikia. Ukiulaza pembeni, mwanga ule ule hutawanyika juu ya eneo kubwa zaidi, hivyo kila sehemu hupata kidogo. Kiasi hicho hufuata kosini ya pembe: kwa nyuzi 60, uso unapata nusu tu.

Tuchukue meza iliyo mita 1 chini ya balbu tupu, inayotoa mwanga sawasawa kila upande. Nukta iliyo chini kabisa ya balbu tuipe mwanga wa 100. Nukta iliyo juu ya meza hiyo hiyo lakini mita 1 kando haipati 100. Umbali wake kutoka kwenye balbu ni karibu mita 1.41, kwa hiyo kwa sababu ya umbali inabaki na 50. Tena mwanga unaifikia kwa mshazari wa nyuzi 45, kwa hiyo 50 hiyo inapungua hadi kama 35. Ndiyo maana mwanga juu ya meza hufifia taratibu kutoka katikati kwenda kingoni, na ndiyo maana picha ya kompyuta iliyokosa ufifiaji huo huonekana ya uongo.

La tatu ni kile uso unachorudisha. Lambert aliwaza uso usio na mng'ao kabisa, kama karatasi au plasta iliyopakwa chokaa, ambao hutawanya mwanga pande zote kwa namna ambayo unaonekana na weupe ule ule popote utakaposimama kuutazama. Kiasi ambacho uso hurudisha alikipa jina la albedo, linalotokana na neno la Kilatini la weupe. Ukuta mweupe safi unaweza kurudisha zaidi ya robo tatu ya mwanga unaoupata. Mlango wa mbao nyeusi hurudisha kidogo sana. Wanaastronomia bado wanalitumia neno albedo wanapoeleza weupe wa sayari na wa theluji.

Hakuishia kwenye mshumaa, ambao unaweza kuhesabiwa kama nukta. Alitafuta pia mwanga unaoingia kutoka kwenye eneo pana lenye kingo zilizonyooka, kama dirisha, na akapata njia ya kuuhesabu kwa kupita ukingo mmoja baada ya mwingine. Wataalamu wa picha za kompyuta waliirudia kazi hiyo katika miaka ya 1990, walipohitaji kuhesabu mwanga unaotoka kwenye nyuso pana.

Katika kitabu hicho hicho alieleza jinsi mwanga unavyofifia unapopita ndani ya glasi au hewa, jambo ambalo Bouguer alikuwa ameligusa. Kanuni hiyo, ikiongezewa kazi ya Mjerumani August Beer ya mwaka 1852, ndiyo inayotumika maabara kujua kiasi cha kitu kilichoyeyuka katika maji kwa kupitisha mwanga ndani yake.

Kitabu kilichokosa wasomaji, mfalme aliyekosa imani

Mtu angetarajia kwamba kitabu cha namna hiyo kingemfungulia mwandishi wake milango yote. Haikuwa hivyo. Photometria ilinunuliwa na watu wachache na nakala zilizobaki leo ni adimu. Wasomi wa zama hizo walivutiwa zaidi na swali la mwanga ni kitu gani. Swali la mwanga ni kiasi gani halikuwa na wateja wengi.

Lambert aliendelea kutafuta kazi ya kudumu. Alishiriki kuanzisha chuo cha sayansi cha Bavaria, lakini baada ya kutoelewana akaondoka. Mwanzoni mwa mwaka 1764 alifika Berlin, mji mkuu wa Prussia, ambako kulikuwa na wasomi kadhaa kutoka Uswisi, akiwemo mwanahesabu mashuhuri Leonhard Euler. Wao walimpokea vizuri, lakini idhini ya kuingia katika chuo cha sayansi cha huko ilikuwa mikononi mwa Mfalme Friedrich wa Pili.

Inasimuliwa kwamba mfalme alipomuuliza anajua sayansi gani, Lambert alijibu kwamba anazijua zote, na alipoulizwa nani alimfundisha, akajibu kwamba amejifundisha mwenyewe. Hayakuwa majigambo, ndivyo alivyoiona hali yake. Lakini mfalme, aliyependa wasomi wenye adabu za kasri, hakupendezwa na mtu huyo mwenye mavazi na mazungumzo yasiyo ya kawaida. Uteuzi ukacheleweshwa hadi Januari 1765.

Baada ya hapo shaka zote zilikwisha. Katika miaka yake 12 ndani ya chuo hicho aliandaa maandiko zaidi ya 150. Alikuwa wa kwanza kuthibitisha kwamba pai, namba inayohusisha mzingo wa duara na kipenyo chake, haiwezi kuandikwa kama sehemu yenye namba nzima juu na chini. Mwaka 1772 alichapisha njia mpya za kuchora uso wa dunia mviringo kwenye karatasi bapa, na baadhi yake zinatumika hadi leo katika ramani za anga na ramani za mabara. Aliandikiana barua na mwanafalsafa Immanuel Kant, ambaye alimheshimu sana.

Rangi kwa ajili ya wauza vitambaa

Mwaka huo huo wa 1772 alirudi kwenye jambo lililo karibu zaidi na nyumba aliyozaliwa. Akishirikiana na mchoraji Benjamin Calau alitengeneza piramidi ya rangi. Alichukua rangi tatu tu, nyekundu, njano na buluu, akazichanganya kwa vipimo, na kuzipanga kwa ngazi kuelekea kileleni, ambako ni peupe.

Alifikiria pia faida yake sokoni. Mwenye duka la vitambaa angeweza kutazama piramidi hiyo na kujua kama ana rangi zote, na mtia rangi angejua achanganye nini ili apate rangi anayoagizwa. Mtoto wa mshona nguo hakuwa amesahau kwamba mteja hutaka kitambaa kinachofanana na kile alichokiona.

Jambo hilo linarudi pia katika picha ya sebule. Mwanga hauishii kwenye ukuta wa kwanza. Ukuta mwekundu ukimulikwa, hutuma wekundu wake kwenye dari na kwenye vitu vya jirani. Anayechagua taa kwa kutazama picha isiyohesabu mrudio huo anaweza kushangaa siku ya kwanza atakapoiwasha.

Kutoka mshumaa hadi kompyuta

Hesabu za Lambert zilikuwa sahihi, ila kuzifanya kwa mkono kwa chumba kizima kungechukua maisha ya mtu. Kila kipande cha ukuta hupokea mwanga kutoka kwenye taa na kutoka kwenye kila kipande kingine cha ukuta, dari na sakafu. Ilibidi zisubiri mashine.

Mwaka 1984 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani walichapisha njia ya kuzifanya kwa kompyuta. Waliichukua kutoka kwa wahandisi wa joto, ambao walikuwa wakihesabu jinsi nyuso za tanuri zinavyopashana moto. Walikigawa chumba katika vipande, wakachukulia kwamba kila kipande kinatawanya mwanga kama ukuta wa Lambert, na kuiachia kompyuta itafute kiasi cha kila kimoja.

Mwaka 1986 watafiti wa chuo hicho walieleza jaribio walilolifanya kwa kisanduku halisi chenye kuta za rangi na picha ya kisanduku hicho iliyotengenezwa na kompyuta. Watu walionyeshwa vyote viwili kando kando na kuombwa waseme kipi ni cha kweli. Hawakufanya vizuri kuliko mtu anayebahatisha. Ilikuwa tena mbinu ya zile karatasi mbili: jicho halikuulizwa ni kiasi gani, liliulizwa tu kama vitu viwili ni sawa.

Hatua ya kuingiza kitu kisichokuwepo ndani ya picha ya kamera ilielezwa vizuri mwaka 1998 na Paul Debevec, aliyekuwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Kwanza alipima mwanga uliokuwepo mahali pale, kwa kupiga picha kadhaa za mpira unaong'aa kama kioo. Kisha kompyuta ilitengeneza sehemu hiyo mara mbili: mara moja bila kitu kipya, na mara ya pili kikiwemo. Tofauti kati ya picha hizo mbili ndiyo iliyoongezwa juu ya picha halisi.

Kwa taa, maana yake ni hii: programu haihitaji kuichora upya sebule yako. Inahitaji kujua ni wapi na kwa kiasi gani chumba kitabadilika taa ikiwepo, kisha iyaongeze mabadiliko hayo tu. Zulia lako linabaki zulia lako, lakini sasa limemulikwa.

Pale hesabu inapokoma

Ukuta wa Lambert ni ukuta wa kufikirika. Plasta na karatasi hukaribia kuufuata, lakini vigae vilivyong'arishwa, shaba, glasi na meza yenye vanishi haviufuati, kwa sababu hurudisha mwanga zaidi upande mmoja kuliko mwingine. Hata mwezi haufuati kanuni hiyo. Mwezi mpevu ungekuwa mpira wa chokaa laini, kingo zake zingefifia. Badala yake tunauona kama sahani yenye mwanga karibu sawa hadi ukingoni. Kwa vitu vya namna hiyo programu za leo huongeza kanuni nyingine juu ya ile ya mwaka 1760.

Taa yenyewe nayo si nukta. Kifuniko chake huuelekeza mwanga juu, chini au pembeni. Kwa hiyo watengenezaji wengi wa taa huzipima maabara, pembe baada ya pembe, na kutoa faili la vipimo ambalo msanifu anaweza kulipakia kwenye kompyuta. Picha iliyotumia vipimo hivyo ina uzito kuliko ile iliyochorwa kwa makisio.

Kisha kuna kamera. Kamera ya simu hufanya kama jicho: hujizoesha. Chumba chenye giza hukiongezea mwanga, na chenye mwanga mwingi hukipunguzia. Picha peke yake haisemi chumba kilikuwa na mwanga kiasi gani hasa. Kwa hiyo picha nzuri ya taa sebuleni inaweza kukuonyesha kama umbo, ukubwa na vivuli vitakupendeza, lakini haiwezi kukuhakikishia kwamba mtoto ataweza kusoma mezani. Kwa hilo, tazama kiasi cha lumeni kilichoandikwa kwenye boksi la balbu na upime umbali kutoka taa hadi meza. Ukikumbuka kwamba umbali ukiwa mara mbili mwanga unabaki robo, umeshafanya hesabu kubwa kuliko zote.

Lambert alifariki Berlin tarehe 25 Septemba 1777 kwa ugonjwa wa kifua kikuu, akiwa na miaka 49. Mwaka 1828, miaka 100 tangu azaliwe, mji wa Mulhouse ulimjengea mnara wa kumbukumbu. Sehemu kubwa ya Photometria ilitafsiriwa kwa Kijerumani mwaka 1892, zaidi ya karne moja baada ya kifo chake, wakati taa za umeme zilipokuwa zimeanza kuenea mijini na wahandisi wakahitaji kujua waziweke wapi. Jina lake limepewa kipimo kimoja cha mng'ao wa uso, pamoja na kreta iliyoko mwezini. Na katika programu za kuchora kwa kompyuta, uso usio na mng'ao, ule ambao mwanafunzi hufundishwa kuumulika kwanza kabla ya mwingine wowote, bado unaitwa kwa jina la mwana huyo wa mshona nguo.